Kupima anurisimu ya aota kwa ultrasaundi: kwa nini milimita chache huzua maswali mengi

Tuchukue mgonjwa aliyepimwa aota ya tumbo kwa ultrasaundi akaandikiwa kipenyo cha sentimita 5.2. Miezi sita baadaye anapimwa na mtu mwingine, kwa mashine nyingine, na ripoti inasema sentimita 5.5. Kwa namba ya kwanza aliambiwa aendelee kufuatiliwa; kwa namba ya pili anatakiwa kukaa na daktari bingwa wa upasuaji wa mishipa ya damu na kuzungumza kuhusu operesheni kubwa. Mgonjwa huyo ana haki ya kuuliza kama mshipa umekua kweli kwa milimita 3, au kama kilichobadilika ni namna ya kupima. Swali hilo halijibiki mpaka tujue namba yenyewe inapatikanaje, kwa sababu kipenyo cha aota hakijiandiki chenyewe kwenye skrini. Hupatikana baada ya mpimaji kufanya maamuzi kadhaa, na kila uamuzi unaweza kuongeza au kupunguza milimita.

Aota ndiyo ateri kubwa kuliko zote mwilini. Hutoka kwenye moyo, hupinda kifuani, hushuka mbele ya uti wa mgongo hadi tumboni, na karibu na usawa wa kitovu hugawanyika kuwa ateri mbili zinazoelekea nyonga na miguu. Katika sehemu iliyo chini ya ateri za figo, kipenyo chake kwa mtu mzima huwa karibu sentimita 2, kikiwa kikubwa kidogo kwa wanaume kuliko kwa wanawake. Nyuzi zinazoupa ukuta wake uimara na mnyumbuko zinapoharibika, sehemu ya mshipa hutanuka, na kutanuka huko kukifikia sentimita 3 au zaidi huitwa anurisimu. Uvutaji wa sigara ndio chanzo kikubwa zaidi kinachoweza kuepukika. Umri mkubwa, jinsia ya kiume, shinikizo la damu na kuwa na mzazi au ndugu wa damu mwenye tatizo hilo huongeza uwezekano.

Kinachoufanya ugonjwa huu uogopwe ni ukimya wake. Watu wengi hawahisi chochote mpaka siku mshipa unapopasuka, na ukipasuka, takriban watu 8 kati ya 10 hufariki, wengi wao kabla ya kufika hospitali. Ukubwa una uzito katika hesabu hiyo kwa sababu za kifizikia: kwa shinikizo lilelile la damu na ukuta wenye unene uleule, mvutano katika ukuta wa mshipa huongezeka sambamba na kipenyo, hivyo mshipa uliotanuka maradufu hubeba mvutano maradufu. Ukuta uliotanuka pia huwa dhaifu kuliko ule wa kawaida, na kwa hiyo hatari hupanda kwa kasi kuliko kipenyo chenyewe.

Kabla ya ultrasaundi, madaktari walitegemea kupapasa tumbo, na kwa mtu mnene mkono unaweza usipate kitu. Mwaka 1948 daktari Rudolph Nissen alilifungua tumbo la Albert Einstein, akakuta anurisimu kubwa ya aota, akauzungushia mshipa karatasi ya selofeni ili kuuimarisha, mbinu iliyotumika kabla ya upasuaji wa kubadilisha kipande cha mshipa kuwezekana. Einstein aliishi miaka mingine zaidi ya 6, akafariki Aprili 18, 1955, baada ya mshipa huo kupasuka. Leo uvimbe wa namna hiyo unaweza kuonekana na kupimwa kwa dakika chache, bila kisu, bila mionzi na bila maumivu, na unaweza kupimwa tena na tena kwa miaka.

Mashine ya ultrasaundi, kusema kweli, haipimi sentimita. Inapima muda. Proubu, yaani kile kifaa cha mkononi kinachowekwa juu ya ngozi, hutuma mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio, kwa kawaida ya megahezi 2 hadi 5 kwa tumbo la mtu mzima, kisha husubiri mwangwi. Mashine huchukulia kwamba sauti husafiri mwilini kwa mita 1,540 kwa sekunde, na kwa hesabu hiyo mwangwi wa kitu kilicho sentimita 10 chini ya ngozi hurudi baada ya takriban sehemu 130 za milioni za sekunde. Muda huo ndio unaogeuzwa kuwa umbali, na umbali ndio unaochorwa kama nukta yenye mng'ao kwenye skrini. Mtu akilishika jambo hili moja, mengi yanayofuata humfungukia.

Kipimo chenyewe hakina vurugu. Mgonjwa huombwa asile kwa saa kadhaa, kwa sababu gesi ya utumbo ndiyo adui mkubwa wa kazi hii: sauti ikikutana na gesi hurudishwa karibu yote na kilicho nyuma yake hakionekani. Hulala chali, jeli hupakwa tumboni, na mpimaji huweka proubu kwa mkingamo chini ya kifua, katikati. Kitu cha kwanza anachokitafuta si aota bali uti wa mgongo, ambao huonekana kama tao jeupe lenye kivuli cheusi nyuma yake. Mbele kidogo ya tao hilo zipo duara mbili nyeusi zikiwa bega kwa bega. Ile iliyo upande wa kulia wa mgonjwa ni vena kuu ya chini, yenye ukuta mwembamba, ambayo hubadilika umbo anapovuta pumzi na hubonyea kwa urahisi ikikandamizwa. Ile ya kushoto, yenye ukuta mnene unaong'aa na mdundo unaofuata moyo, ndiyo aota. Kuzichanganya mbili hizi ni kosa la wanaoanza, lakini hutokea. Kuanzia hapo mpimaji huteremsha proubu taratibu, akikandamiza kwa upole na uthabiti ili kuisogeza gesi pembeni, mpaka aione aota ikigawanyika. Akikwama, humgeuza mgonjwa alale ubavu au humwomba akunje magoti ili misuli ya tumbo ilegee. Asipoifuata aota hadi mwisho wake, hawezi kudai kwamba ameona sehemu pana kuliko zote, na sehemu hiyo ndiyo inayotafutwa.

Akiipata, tatizo la kwanza ni pembe. Aota ya kijana hushuka karibu wima, lakini aota iliyotanuka mara nyingi hupindapinda, ikielekea upande mmoja au kujitokeza mbele. Bomba likikatwa mshazari, uso wa mkato huwa duaradufu ndefu badala ya duara, ingawa bomba halijaongezeka hata kidogo. Ndivyo inavyokuwa hapa: mshipa wenye kipenyo halisi cha sentimita 5.0, ukipimwa kwa mkato ulioinama nyuzi 30 kutoka kwenye mkao sahihi, unaweza kuonekana una karibu sentimita 5.8. Mtu asiyestahili operesheni anageuka kuwa anayestahili kwa sababu ya mwinamo wa mkono tu. Kwa hiyo mpimaji makini huitazama aota kwa urefu wake kwanza, akaona mhimili wake unaelekea wapi, kisha huigeuza na kuiinamisha proubu mpaka mkato ukate mhimili huo kwa pembe mraba.

Mkato wa urefu nao una kosa lake, na hili huelekea upande mwingine. Mkato usipopita katikati kabisa ya mshipa, bali pembeni kidogo, unaonyesha mshipa mwembamba kuliko ulivyo. Kwa aota yenye sentimita 5.0, kukosa katikati kwa sentimita 1 kunatosha kuleta namba ya karibu sentimita 4.6. Kosa hili ni la hatari zaidi machoni pangu kuliko lile la kwanza, kwa kuwa linamtuliza mtu ambaye hakupaswa kutulizwa. Njia ya kujilinda ni kupima katika mikato yote miwili na kuzilinganisha namba: zikipishana sana, mojawapo imekosewa, na kazi irudiwe hapohapo kabla mgonjwa hajafuta jeli.

Mshipa una kipenyo cha kutoka mbele kwenda nyuma na kipenyo cha kutoka kushoto kwenda kulia, na hapa ule ukweli wa muda na umbali unaanza kuleta faida. Kwa mwelekeo wa mbele kwenda nyuma, sauti hugonga kuta za mshipa uso kwa uso, mwangwi hurudi wenye nguvu, na mashine huweza kutenganisha vitu vilivyokaribiana kwa umbali wa chini ya milimita moja. Kwa mwelekeo wa pembeni, sauti hupita sambamba na ukuta badala ya kuugonga, mwangwi hutawanyika, na ukuta huonekana kama ukungu. Isitoshe, uwezo wa mashine kutenganisha vitu vilivyo pembeni mwa kila kimoja hupungua kadiri kina kinavyoongezeka. Ndiyo maana kipenyo cha mbele kwenda nyuma hutegemewa zaidi na hurudiwa kwa uhakika zaidi na wapimaji tofauti.

Sasa tufikie jambo ambalo, kwa maoni yangu, linastahili kujulikana zaidi ya yote, na ambalo katika ripoti nyingi halitajwi kabisa: alama za kupimia zinawekwa wapi? Ukuta wa aota si mstari usio na unene. Kwenye skrini ni utepe mweupe wenye upana wa milimita kadhaa, na mpimaji anapaswa kuweka alama moja kwenye ukuta wa mbele na nyingine kwenye ukuta wa nyuma. Njia ni tatu. Anaweza kuweka alama kwenye kingo za nje za kuta zote mbili, kipimo kikahesabu unene wa kuta zote. Anaweza kuziweka kwenye kingo za ndani, asihesabu ukuta wowote. Au anaweza kuiweka alama ya kwanza kwenye ukingo wa nje wa ukuta wa mbele na ya pili kwenye ukingo wa ndani wa ukuta wa nyuma, yaani kila mara pale mwangwi wa ukuta unapoanza, akahesabu ukuta mmoja tu. Mshipa uleule, picha ileile, mpigo uleule wa moyo: njia ya nje kwa nje hutoa namba kubwa kuliko ya ndani kwa ndani kwa milimita 3 hadi 4 hivi, na njia ya tatu hukaa katikati.

Kila njia ina watetezi wenye hoja. Anayepima nje kwa nje husema kwamba daktari wa upasuaji anaushughulikia mshipa mzima pamoja na ukuta wake. Anayepima ndani kwa ndani husema kwamba ukingo wa ndani, pale damu inapokutana na ukuta, huonekana wazi kuliko ukingo wa nje unaojichanganya na nyama na mafuta yanayouzunguka, na kwa hiyo wapimaji wawili hukubaliana kwa urahisi. Anayetumia njia ya tatu hukumbusha kwamba mwanzo wa mwangwi ndio sehemu sahihi zaidi ya mwangwi wote, kwa kuwa unene unaoonekana baada ya hapo huathiriwa na mipangilio ya mashine; ukiongeza mwanga wa picha, ukuta hunenepa. Mpango wa taifa wa uchunguzi wa aota nchini Uingereza hutumia ndani kwa ndani. Nchini Sweden njia ya tatu imetumika sana. Sidhani kwamba mjadala huu utaisha kwa upande mmoja kushinda, na wala si lazima uishe, mradi kila kituo kichague njia moja, kiifuate, na kiiandike.

Ndani kwa ndani, hata hivyo, haimaanishi kupima njia ya damu peke yake. Anurisimu nyingi huwa na tabaka la damu iliyoganda lililoshikamana na ukuta kwa ndani, na tabaka hilo huonekana la kijivu hafifu, wakati mwingine hafifu kiasi cha kuchanganywa na damu yenyewe, na wakati mwingine likiwa na ukingo mkali unaofanana sana na ukuta. Mpimaji akiweka alama kwenye ukingo wa damu iliyoganda, mshipa wa sentimita 6 unaweza kuandikwa kuwa na sentimita 3.5. Hapa hatuzungumzii tena milimita za mabishano. Hili ni kosa linaloweza kugharimu maisha. Dawa yake ni kuongeza mwanga wa picha mpaka tabaka hilo lijitokeze, kulitafuta kwa makusudi katika kila anurisimu, na kutotosheka na picha ya rangi ya mtiririko wa damu, ambayo huonyesha damu inayopita lakini haionyeshi mshipa unaishia wapi.

Mapigo ya moyo huongeza tofauti ndogo ya mwisho: aota hutanuka moyo unaposukuma damu na hupungua unapolegea, na tofauti inaweza kufikia milimita 2. Mashine huhifadhi sekunde chache za picha zilizotangulia, hivyo inatosha kusimamisha picha, kuirudisha nyuma taratibu na kupima pale mshipa ulipokuwa mpana kabisa.

Tukizijumlisha milimita hizi, tunaona kwa nini tofauti ya hadi milimita 5 kati ya wapimaji wawili imekuwa ikichukuliwa kuwa ndani ya mipaka inayokubalika, hata wote wawili wakiwa na ujuzi. Skrini inaweza kuandika milimita 53.4, lakini ile nne ya mwisho haina maana yoyote ya kitabibu.

Mipaka ya matibabu nayo ilitoka wapi? Nchini Uingereza, utafiti uliotoa matokeo mwaka 1998 uliwafuata wagonjwa 1,090 wenye anurisimu za sentimita 4.0 hadi 5.5, baadhi wakifanyiwa upasuaji mapema na wengine wakifuatiliwa kwa ultrasaundi. Nchini Marekani utafiti wa aina hiyo ulihusisha wagonjwa 1,136 na kutoa matokeo mwaka 2002. Yote miwili ilionyesha kwamba kuwapasua mapema hakukuwaongezea watu maisha, kwa sababu hatari ya operesheni yenyewe ilikuwa kubwa kuliko hatari ya kusubiri chini ya uangalizi. Hapo ndipo sentimita 5.5 ilipopata nguvu kama mpaka kwa wanaume. Mwaka huohuo wa 2002, utafiti mwingine wa Uingereza uliohusisha wanaume 67,800 wenye umri wa miaka 65 hadi 74 ulionyesha kwamba kuwaalika watu kupimwa mara moja kwa ultrasaundi kulipunguza vifo vitokanavyo na anurisimu ya aota kwa asilimia 42 katika miaka 4. Lakini tazama: utafiti wa 1998 ulipima nje kwa nje, na ule wa wanaume 67,800 ulipima ndani kwa ndani, wakati mpaka wa sentimita 5.5 ni uleule. Mwanamume anayepimwa ndani kwa ndani akafikia 5.5 kwa kweli ana karibu 5.9 kwa kipimo cha nje. Kwa hiyo namba ya mpaka na njia ya kupima huenda pamoja, na kuichukua moja bila nyingine ni kuichukua nusu.

Vipindi vya ufuatiliaji navyo hutofautiana. Katika mpango wa Uingereza, mwenye sentimita 3.0 hadi 4.4 hupimwa kila mwaka, na mwenye 4.5 hadi 5.4 kila miezi 3. Mwongozo wa chama cha madaktari wa mishipa ya damu cha Marekani wa mwaka 2018 unapendekeza kila miaka 3 kwa sentimita 3.0 hadi 3.9, kila mwaka kwa 4.0 hadi 4.9, na kila miezi 6 kwa 5.0 hadi 5.4. Kwa wanawake, ambao mshipa wao hupasuka mara 3 hadi 4 zaidi kuliko wa wanaume kwa kipenyo kilekile, upasuaji huanza kufikiriwa kwenye sentimita 5.0, na hapo kosa la milimita 4 lina uzito uleule.

Turudi kwa mgonjwa wa 5.2 na 5.5. Anurisimu ndogo hukua kwa wastani wa milimita 2 hadi 3 kwa mwaka, kwa kasi zaidi kwa wanaoendelea kuvuta sigara, hivyo katika miezi 6 tungetarajia ongezeko la milimita moja au moja na nusu. Milimita 3 zinaweza kuwa za kweli, zinaweza kutokana na mpimaji wa pili kutumia njia ya nje wakati wa kwanza alitumia ya ndani, na zinaweza kuwa kidogo ya vyote viwili. Kinachopaswa kufanywa ni kuzirudia picha za awali, si ripoti pekee, na kuangalia alama ziliwekwa wapi. Kisha kupima tena kwa njia ya kwanza, ikiwezekana na mpimaji yuleyule. Haya yote yangekuwa rahisi kama ripoti ya kwanza ingetaja kipenyo gani kilipimwa, katika mkato upi, kutoka ukingo upi hadi ukingo upi, moyo ukiwa katika hali gani, na kama sehemu yoyote ya aota haikuonekana. Mgonjwa anaweza kuomba taarifa hizo na kuomba nakala ya picha, na daktari mzuri hatachukizwa na ombi hilo.

Ultrasaundi ina mahali inapoishia. Kwa mtu aliyezidiwa ghafla na maumivu makali ya tumbo au mgongo, inaweza kuonyesha ndani ya dakika moja au mbili kwamba aota imetanuka, lakini haiaminiki katika kuonyesha kama imeanza kuvuja, kwa sababu damu mara nyingi huvujia nyuma ya tumbo, mahali ambapo mawimbi hayaonyeshi vizuri. Katika hali hiyo milimita hazina nafasi. Mgonjwa anapelekwa kwa daktari wa upasuaji mara moja. Kwa operesheni iliyopangwa, picha za CT, yaani zinazopigwa kwa eksirei na kuunganishwa na kompyuta, huhitajika ili kuona umbali wa anurisimu kutoka kwenye ateri za figo na kuamua kama kipandikizi, yaani bomba la kuuimarisha mshipa kwa ndani, kinaweza kupitishwa kwenye mshipa wa paja. CT mara nyingi hutoa kipenyo kikubwa kuliko cha ultrasaundi kwa milimita kadhaa, kwa kuwa hupima kwa namna yake, kwa hiyo namba yake isiunganishwe na mfululizo wa vipimo vya ultrasaundi kana kwamba mshipa umeruka ghafla kutoka kimoja kwenda kingine.